Moshi wa Mabasi Tunayoyakodi Nao Una Hesabu



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewapa waja Wake hewa bila ya bei wala foleni. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na wote wanaoufuata mwendo wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mwezi huu tumeona tuzungumzie jambo lisilozoeleka juu ya mimbari zetu, nalo ni moshi wa dizeli utokao katika mabasi. Tunakusudia hasa yale mabasi ambayo sisi wenyewe, kamati za misikiti na madrasa, tunayakodi kwa ajili ya mihadhara, makongamano na ziara za wanafunzi. Wapo watakaouliza: hili nalo ni jambo la dini? Jibu letu ni ndiyo, na hoja zetu tunaziweka hapa ili kila msomaji azipime.

NJIA YA MISAFARA, JANA NA LEO

Sisi watu wa Igalula, na Uyui kwa jumla, tunakaa juu ya njia kongwe. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tura, Rubuga na Kigwa kabla ya kuingia Unyanyembe, ambako leo ni Tabora. Kwa njia hiyo Uislamu ulifika bara. Na kwa njia hiyo hiyo pembe za ndovu zilibebwa mabegani na wanadamu walipitishwa wakiwa wamefungwa minyororo. Njia ilikuwa moja, ikabeba kheri na ikabeba dhulma. Kilichotofautisha ni amali za waliopita.

Mwaka 1912 reli ya kati ikafika Tabora, na Igalula ikawa stesheni yake mojawapo. Mwaka 2006 serikali ikaiweka njia ya zamani ya misafara katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kwa UNESCO kuwa urithi wa dunia. Wageni huja Kwihara kuona nyumba alimokaa Livingstone, na madrasa nyingi hupeleka watoto Bagamoyo kuona magofu ya msikiti wa kale wa Kaole. Lami ya kutoka Itigi kupitia Chaya na Nyahua mpaka Tabora imezifanya nyepesi safari zilizokuwa za vumbi na matope. Tena tangu mwaka 2023, serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, barabara kuu za nchi haziko kimya hata saa za tahajudi.

Hizi ni neema, wala hatuzikatai. Lakini kila neema ina shukrani yake, na shukrani ya chombo cha safari ni kukitumia bila ya kumdhuru asiyesafiri.

MOSHI HUU NI KITU GANI

Moshi mweusi wa basi ni masizi: chembe za mafuta yasiyoungua sawasawa. Nyingi ni ndogo kiasi kwamba hata zile kubwa miongoni mwa zinazozama mapafuni hazifiki sehemu moja ya 20 ya unene wa unywele. Pua haiwezi kuzizuia. Huingia mapafuni, na zilizo ndogo zaidi hufika katika damu. Juni 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, wenye makao Lyon, Ufaransa, uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi lile lile la moshi wa sigara. Mbali ya saratani, moshi huu huchochea pumu na maradhi ya moyo. Anayedhurika zaidi ni mtoto, kwa sababu mapafu yake bado yanakua, hupumua haraka kuliko mtu mzima, na kimo chake kiko karibu na bomba.

Watu wa Tabora si wageni wa moshi. Aliyekesha akichochea moto katika bani la tumbaku anakijua kikohozi cha asubuhi yake. Lakini bani kwa kawaida hujengwa shambani, na aliye ndani yake anajua kwa nini yumo. Basi tunalileta mpaka dirishani pa mtu ambaye hakutuita.

Mafundi wanatueleza kwamba basi halitoi moshi mzito bila ya sababu. Moshi mweusi huonesha chujio la hewa lililoziba, nozeli zilizochoka, pampu iliyofunguliwa ili imwage mafuta kuliko kipimo, au mzigo uliozidi uwezo wa gari. Moshi wa rangi ya buluu huonesha kwamba injini inaunguza oili yake yenyewe. Sababu hizi zote zinatibika. Kwa hiyo moshi huu si kadari isiyo na mlango. Mara nyingi ni matengenezo yaliyoahirishwa, na gharama yake wakabebeshwa wapita njia.

SHERIA ZIPO

Nchi yetu haikosi sheria. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake zipo Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007. Ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo hairuhusu gari bovu kuwa barabarani. Tangu mwaka 2019 ipo LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, inayotoa leseni za mabasi. Na tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni moja, ambapo hapo kabla kiwango kilikuwa mara kumi ya hicho au zaidi. Salfa huongeza chembe katika moshi na huviharibu vifaa vya kuchujia. Ikipungua, basi jipya linaweza kufungwa chujio likafanya kazi.

Lakini sheria ikiwa safi na moyo wa mfanyabiashara ukawa mchafu, mafuta nayo huchafuka. Sote tunakumbuka neno "uchakachuaji" lilivyoenea. Watu walikuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa, mpaka mwaka 2010 EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta ili wadanganyifu wajulikane. Mafuta ya taa hayalainishi pampu wala nozeli kama inavyolainisha dizeli. Vyuma vinasagika, na baada ya muda basi linatoa moshi. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini yake kumelowa, alimtangazia muuzaji kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Ameipokea hadithi hiyo Imam Muslim. Nani atasema kwamba ngano inahusika na dizeli haihusiki?

Miji mingine imekwenda mbele zaidi. Mwaka 2005 New York ilitunga sheria maalumu kwa ajili ya mabasi ya kutembeza watalii: yatumie dizeli yenye salfa kidogo mno na yafungwe vifaa bora vilivyopo vya kupunguza moshi. Katika mji huo huo gari lililosimama haliruhusiwi kuacha injini ikiunguruma zaidi ya dakika 3, na mbele ya shule ni dakika 1 tu. London, mwaka 2008, iliweka eneo ambalo wakati huo basi kubwa lisilofikia kiwango likiingia lilitozwa pauni 200 kwa siku. Hatuitaji miji hii ili tuifanye kiigizo katika dini yetu. Tunaitaja kwa sababu hekima ni kitu alichokipoteza muumini. Akiikuta popote huiokota. Na katika miji yetu mitukufu, Hija ya mwaka 2010 ilishuhudia treni ya umeme ikianza kuwachukua mahujaji baina ya Mina, Muzdalifa na Arafa, mahali ambapo maelfu ya mabasi yalikuwa yakijazana.

HUKUMU YA DINI

Sasa tuingie katika msingi. Katika Qur'ani imo sura nzima iliyopewa jina la moshi, nayo ni Suratud Dukhan, sura ya 44. Aya yake ya 10 na ya 11 zinaeleza siku ambayo mbingu italeta moshi ulio wazi utakaowafunika watu. Wafasiri wamekhitalifiana kama moshi huo umekwisha kupita zama za Makuraishi au ni katika alama za Kiyama. Hawakukhitalifiana kwamba umetajwa pale kuwa ni adhabu. Basi ni ajabu kwa Muislamu kuitengeneza kwa mikono yake taswira ya adhabu, kisha akamfunika nayo mtoto wa jirani.

Aidha Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul A'raf, aya ya 56, kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa kwake. Na Mtume (s.a.w.) ameweka kanuni ambayo wanachuoni wameifanya nguzo miongoni mwa nguzo za fiqhi, kwamba haifai kudhuru wala kudhuriana. Ameipokea Ibn Majah na wengineo, na Imam Nawawi ameiweka katika hadithi zake 40.

Tazameni tena hukumu ya kitunguu saumu. Imesihi katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu saumu ajitenge na msikiti, na katika riwaya ya Muslim amebainisha sababu: Malaika huudhika kwa yanayowaudhi wanadamu. Kitunguu ni chakula cha halali na dawa. Harufu yake haiui wala haileti saratani. Ikiwa harufu ya chakula cha halali imemzuia mtu kuingia msikitini, moshi wenye sumu unaoingizwa humo kupitia madirishani una hukumu gani? Wanafunzi wa usulul fiqhi wanaliita hili kiyasi cha aula: likikatazwa dogo, kubwa lake limekatazwa zaidi.

Wala wanachuoni waliotangulia hawakulinyamazia suala la moshi. Katika Mudawwana imepokewa kwa Imam Malik kwamba mtu akitaka kujenga hamamu au tanuri katika kiwanja chake, na moshi wake ukawadhuru majirani, wana haki ya kumzuia. Ibn Qudama katika Al-Mughni ametaja mfano wa hayo. Na Shayzari, aliyeandika kitabu cha kazi za muhtasib katika karne ya 6 Hijria, ameeleza kwamba waoka mikate waamrishwe kuinua dari za matanuri yao na kuweka matundu mapana ya kutolea moshi. Hizo zilikuwa kanuni za kupunguza moshi mjini, miaka 800 kabla ya kuzaliwa babu zetu wa karibu. Kweli, wapo wanachuoni wa madhehebu ya Shafi waliompa mtu nafasi kubwa zaidi ndani ya milki yake. Lakini barabara si milki ya mtu. Njia ni ya watu wote, na kuitumia kumeshurutishwa na usalama wa wengine.

Na kuhusu kanuni za serikali, Majmaul Fiqhil Islami, katika kikao chake cha 8 kilichofanyika Brunei mwaka 1993, ilipitisha kwamba kuzifuata sheria za barabarani zisizopingana na sharia ya Kiislamu ni wajibu wa kisharia, kwa sababu zimewekwa kulinda maslahi ya watu. Basi dereva anayempa askari kitu ili basi lenye moshi lipite amebeba madhambi mawili: la rushwa na la kifua cha kila aliyempita.

Hili ni zito kuliko tunavyodhani, kwa sababu ni katika haki za waja. Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba. Haki ya mja mwenzio lazima uirudishe au uombe msamaha wake. Utamtafuta wapi yule mtoto uliyempita Kigwa alasiri ukamwachia masizi kifuani?

HOJA ZA WENYE KUPINGA

Wako wanaosema: haya ni mambo ya dunia, na Mtume (s.a.w.) amewaachia watu mambo ya dunia yao. Tunajibu: alichowaachia ni ujuzi, kama ule wa kupandikiza mitende. Namna ya kusafisha nozeli tutamuuliza fundi. Ama kwamba haifai kumdhuru mtu, hilo hatukuachiwa tuliamue wenyewe.

Wako wanaosema: Igalula ina magari mangapi? Moshi wa dunia unatoka katika viwanda vya matajiri. Ni kweli kwamba matajiri wana hesabu kubwa kuliko sisi, lakini kifua cha mtoto hakihesabu magari ya dunia nzima. Kinahesabu basi moja lililosimama dirishani pa madrasa likiunguruma.

Wako wanaosema, na hawa tunawasikiliza kwa makini: mwenye basi ni mtu wa mkopo, vipuri ni ghali, ukimbana ataacha biashara na watu watakosa usafiri. Hoja hii ina ukweli, na dini yetu haikuja kumvunja mnyonge. Lakini tusisahau sababu mojawapo inayomfanya aahirishe matengenezo. Kamati ya msikiti inapokaa kukodi basi, swali la kwanza huwa bei na la pili huwa idadi ya viti. Basi la bei ya chini kabisa ndilo linalochukuliwa, tukasema tumeokoa mali ya Waislamu. Tumeokoa nini ikiwa tofauti ya bei wameilipa wengine kwa mapafu yao? Mwenye basi anayetengeneza gari lake anatushinda kwa bei, tunamwacha. Anayelipuuza tunampa kazi. Kisha tunalalamika kwamba mabasi yanatoa moshi.

Na hapa ndipo penye jambo zito zaidi. Tunawakusanya watu kutoka vijijini kuja kusikiliza mawaidha juu ya haki za jirani. Kipaza sauti kinasoma hadithi, huku mabasi yaliyotuleta yameachwa yakiunguruma nusu saa nzima ili dereva apate upepo na redio. Jirani wa msikiti, huenda si Muislamu, anafunga madirisha na kumtoa mgonjwa wake uani. Je, huyo atakuwa amesikia mawaidha gani? Kwa miaka mingi tumehubiri dhidi ya sigara, na tumesema kweli. Lakini mvuta sigara huanza kujidhuru mwenyewe. Sisi tuliomo ndani ya basi tumefunga vioo, moshi wote tumewaachia walioko nje.

TUNACHOTAKA KIFANYIKE

Kwanza, kila kamati ya msikiti na madrasa ikodishapo basi iandike masharti katika mapatano: gari lisiwe la moshi mzito, lijaribiwe kwa kuwasha na kukanyaga mafuta kabla ya malipo ya awali, injini izimwe mara abiria wanapomaliza kushuka, na lisisimame karibu na madirisha ya msikiti, madrasa, zahanati au nyumba ya mtu. Waislamu hufungwa na masharti waliyowekeana, na dereva aliyeridhia sharti amelibeba katika shingo yake.

Pili, tuwe tayari kulipa bei ya haki. Anayedai gari zima kwa bei ya gari bovu anamfundisha mwenye gari kudanganya. Ikilazimu kupunguza safari moja ya mwaka ili safari nyingine zifanyike kwa gari salama, basi tupunguze. Na panapofika treni, watoto wa ziara wapande treni. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafanya safari baina ya Dar es Salaam na Dodoma, na mkataba wa kujenga kipande cha Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021. Kikikamilika, isiwe sisi ndio wa mwisho kukitumia.

Tatu, abiria asinyamaze. Imepokewa katika Bukhari kwa Nu'man bin Bashir (r.a.) mfano wa watu waliogawana jahazi, wengine juu na wengine chini, wa chini wakataka kutoboa sehemu yao ili wapate maji kwa wepesi. Wakiachwa wataangamia wote, na wakishikwa mikono wataokoka wote. Kumshika mkono dereva si kumtukana. Ni kumwambia kwa adabu: ndugu yangu, zima injini, watoto wanasoma.

Nne, tunaziomba mamlaka zinazohusika zisiishie katika taa na matairi zinapokagua mabasi. Moshi upimwe kwa kipimo, huku mikoani kama inavyopasa katika majiji, na mwenye kosa apewe muda unaojulikana wa kutengeneza kabla ya kunyang'anywa riziki yake. Haki ikionekana, watu hutii.

Tano, maimamu wetu walitaje jambo hili walau mara moja katika khutba za Ijumaa. Mtume (s.a.w.) ameliweka tendo la kuondosha udhia njiani kuwa ni tawi la imani. Aliyeondoa mwiba ana ujira wake. Naye aliyezuia moshi usimfikie mpita njia, Mwenyezi Mungu hatampotezea amali yake.

Ewe Mola wetu, tunakuomba utusamehe tuliyowatendea waja Wako kwa kujua na kwa kutojua, uwaponye wenye kuumwa vifua, uwape wenye mabasi riziki ya halali yenye baraka, na utujaalie tuwe watu ambao wakipita njiani huacha nyuma yao salamu.

Wabillaahi tawfiq.